Mkuu wa Usalama wa Taarifa Aanzie Kaunta

Kata ya Mpemba iko kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kabla hujaingia Tunduma mjini ukitokea Vwawa, mahali ambapo njia ya Ileje inachepuka kwenda Isongole kwenye mpaka wa Malawi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka, Kitwe au Lubumbashi kwa njia hii hupanda mizani hapa, kisha hujiunga na foleni ya mpakani. Reli ya TAZARA iko jirani, na bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, limepita ukanda huohuo. Watu wa eneo hili wamezoea kuishi kwa mizigo inayopita. Siku hizi mzigo hautembei peke yake. Uzito wa lori, ambao sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuwekea ukomo wa tani 56, unaingia kwenye kompyuta ya mizani. Tamko la forodha linasomwa kwenye mfumo wa TANCIS upande wa Tanzania na ASYCUDA World upande wa Zambia. Posho ya dereva inatumwa kwa simu, na utingo anaitoa kwa wakala wa kibandani. Tangu Marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde tarehe 5 Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja, na kosa la taarifa la upande mmoja humfikia wa upande wa pili mara moja.

Anayepaswa kuzilinda taarifa hizo, awe wa benki, wa kampuni ya simu, wa msafirishaji au wa taasisi ya umma, ana cheo kinachojulikana: mkuu wa usalama wa taarifa. Ofisi yake iko Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Lusaka. Ninachohoji hapa ni njia inayomfikisha kwenye kiti hicho. Kama ilivyo sasa katika Afrika Mashariki, njia hiyo huanzia chumba cha seva, hupitia vyeti vya nje na huishia ghorofani, bila kugusa kaunta, mizani wala kibanda cha wakala, yaani pale taarifa zinapogeuka kuwa fedha au mzigo. Kwa kuwa hajapita huko, mwenye cheo anaijua mashine kuliko anavyoijua kazi anayoilinda. Asipoijua kazi, wanaoijua hawamsikilizi. Asiposikilizwa, cheo chake kinabaki cha kupokea lawama.

Historia ya cheo chenyewe inaunga mkono madai haya. Mwaka 1994 Vladimir Levin, akiwa Saint Petersburg nchini Urusi, aliingia kwenye huduma ya kuhamisha fedha ya Citibank na kusukuma takribani dola milioni 10 kwenda akaunti za nchi mbalimbali. Karibu zote zilirejeshwa, isipokuwa kama dola 400,000. Kwa benki ya ukubwa ule hiyo ilikuwa hasara ndogo; kilichotisha ni wateja wakubwa kuanza kujiuliza kama fedha zao ziko salama. Mwaka 1995 Citicorp ikamwajiri Steve Katz, anayetajwa kuwa mtu wa kwanza duniani kushika cheo cha mkuu wa usalama wa taarifa, na sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo ikawa kukutana na wateja hao na kuwaeleza, kwa lugha ya biashara, namna mali yao itakavyolindwa. Tangu siku ya kwanza, basi, cheo hiki kilikuwa cha mtu anayesimama kati ya fundi na mwenye mali. Kwetu kiliingia zaidi kwa masharti ya wasimamizi. Benki Kuu ya Kenya, katika mwongozo wake wa usalama wa mtandao wa Agosti 2017, ilizitaka benki ziwe na mtu wa nafasi hiyo. Sharti lilikuwa jema. Lakini taasisi inapolazimishwa kujaza kiti kwa haraka, mahali pepesi pa kumtafuta mtu ni idara ya TEHAMA, na mtazamo wa idara ile ndio anaokwenda nao kitini.

Tuutazame wizi mkubwa unaofahamika, tuanze na wa mbali. Februari 2016 wezi walioingia kwenye mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh waliagiza malipo ya karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York. Walifanikiwa kupata dola milioni 81, zilizopitia Ufilipino. Udukuzi wao ulikuwa wa hali ya juu, lakini ushindi wao ulitokana na kuijua kazi ya benki: walichagua mwisho wa wiki, siku ambazo Dhaka, New York na Manila haziko kazini kwa pamoja, na waliizima printa iliyokuwa ikichapisha taarifa za malipo, wakijua kwamba printa iliyokwama haimshtui mtu. Sehemu ya kilichowazuia nayo ilikuwa jicho la kazi. Malipo ya dola milioni 20 yaliyokuwa yakielekea Sri Lanka yalisimamishwa kwa sababu neno moja katika jina la mpokeaji lilikuwa limekosewa tahajia, na karani wa benki ya kati akauliza. Hakuna mtambo wa kinga uliotoa swali lile. Aliyeliuliza ni mtu aliyezoea kusoma hati za malipo.

Karibu na kwetu hali ni ileile. Oktoba 2020 nchini Uganda, wezi walipenya kwenye kampuni ya kati, Pegasus Technologies, iliyokuwa ikiunganisha benki na mitandao ya simu. Malipo kati ya Stanbic, MTN na Airtel yakasimamishwa kwa muda. Fedha zilizoibwa hazikubaki hewani. Zilihamishiwa kwenye laini za simu zipatazo 2,000, na laini zile zikatolewa fedha kwa mawakala wa kawaida mitaani. Laini elfu mbili hazipatikani bila mtu kuzisajili, na fedha taslimu za kiasi kile hazitoki bila mawakala kadhaa kuhudumia watu wasiowafahamu kwa muda mfupi. Kisha Novemba 2024 Waganda waliambiwa kwamba Benki Kuu yao imedukuliwa, na magazeti yakataja shilingi bilioni 62 za Uganda. Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, alikiri bungeni kwamba akaunti zimeingiliwa, ingawa alisema si kwa kiwango kilichotangazwa. Uchunguzi ulipoendelea, ilielezwa kwamba malipo yaliyokusudiwa kwa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika yalielekezwa kwenye akaunti za kampuni za Japani na Uingereza, na mwanzoni mwa 2025 maofisa kadhaa wa Wizara ya Fedha walifikishwa mahakamani. Hatia yao ni ya mahakama kuamua. Kwa hoja yetu inatosha kuona jinsi jambo lililoanza kusimuliwa kama uvamizi wa wadukuzi wa mbali lilivyogeuka kuwa swali la nani aliandaa hati, nani aliihakiki, na hati ilipita mikono ya nani kabla ya kufika benki.

Hapa Tanzania ushahidi mkubwa zaidi umo kwenye simu ya kila msomaji. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauvunji kompyuta ya mtu yeyote. Mtapeli anausambaza kwa maelfu ya namba akitegemea kwamba, kati ya wanaoupokea, wapo wanaosubiri kutuma kodi ya nyumba, ada ya shule au malipo ya mzigo saa ileile. Katika mji kama Tunduma, ambako mwenye lori anamtumia dereva fedha za njiani na mfanyabiashara anamlipa wakala wa forodha bila kuonana naye, watu wanaosubiri kutuma ni wengi kila saa. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zinazotolewa kila robo mwaka zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa, jirani wa Songwe, pamoja na Morogoro, kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa aina hii. Serikali haikukaa kimya. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulisukumwa hadi tarehe 20 Januari 2020, ikawekwa namba 15040 ya kuripoti matapeli, na kila mtu anaweza kubonyeza *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Utapeli uliendelea, na sababu mojawapo iko wazi kwa yeyote anayejua kazi ya usajili mitaani. Msajili anaweka kidole cha mteja kwenye mashine, anamwambia "haijasoma, rudia", na kumbe mara ya kwanza ilisoma. Laini ya pili ikishapatikana hivyo, ina jina halali, kitambulisho halali na alama ya kidole halali, na inauzwa kwa mtapeli.

Mkuu wa usalama wa taarifa aliyekulia kwenye seva, akilitazama tatizo hilo, atanunua mtambo wa kuchambua miamala inayotia shaka. Mtambo utasaidia kiasi chake. Aliyewahi kusimama kwenye kaunta atauliza kwanza namna msajili anavyolipwa. Kama malipo yake yanahesabiwa kwa idadi ya laini, basi kampuni yenyewe inamsukuma kila siku kusajili nyingi zaidi, na kinga yoyote itakayowekwa juu yake itakuwa inapigana na kamisheni. Tiba iko kwenye meza ya mkuu wa mauzo: ibadilishwe hesabu ya malipo, laini itakayokuja kuripotiwa imrudie aliyeisajili, na kitambulisho kisiweze kusajili laini mbili ndani ya dakika chache bila mteja kuthibitisha kwa simu yake ya zamani. Kulisema hilo mbele ya mkuu wa mauzo kunahitaji mtu anayejua mauzo yanavyoendeshwa, tena mwenye nafasi ya kumwambia "hapana" na neno lake likasimama.

Upo upinzani wa haki hapa, nao unatoka kwa mafundi. Wanasema: mkipeleka makarani na maofisa mikopo kwenye nafasi hizi, mtapata wasemaji wazuri wasiojua tofauti ya kiraka cha programu na nenosiri, na siku ya shambulio watabaki wakipiga simu kumtafuta mkandarasi. Mfano wanaoutoa ni Equifax ya Marekani, iliyoibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017. Mkuu wake wa usalama alilaumiwa hadharani kwa kuwa shahada zake zilikuwa za muziki. Lakini ripoti ya uchunguzi ya Bunge la Marekani haiungi mkono lawama hiyo. Tundu katika programu ya Apache Struts lilitangazwa Machi mwaka ule pamoja na kiraka chake. Agizo la kuweka kiraka lilitolewa ndani ya kampuni, ila orodha ya waliopaswa kulipokea ilikuwa imepitwa na wakati. Kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwa kipofu kwa miezi 19 kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Aidha idara ya usalama na ya TEHAMA zilikuwa chini ya wakubwa tofauti, na mambo yakapotea katikati yao. Kiraka walikijua. Wasichokijua ni nani mwenye mfumo gani ndani ya nyumba yao wenyewe, na hilo ni swali la uendeshaji. Sisemi ufundi uachwe. Mkuu asiyeweza kusoma ripoti ya fundi wake atadanganywa na kila muuza mitambo. Ninachosema ni kwamba ufundi ni nusu ya kwanza ya safari, nasi tumeufanya kuwa safari nzima.

Vyeti vimechangia. Kijana anayemaliza shahada ya usalama wa mtandao Chuo Kikuu cha Dodoma, au ya kompyuta pale Mbeya katika MUST, anaambiwa kwamba ngazi ya juu iko kwenye CISSP ya ISC2 au CISM ya ISACA. Ni vyeti vya maana. CISSP inadai uzoefu wa miaka 5 katika angalau maeneo mawili kati ya manane, na mtihani wake si wa kubahatisha. Hata hivyo ada yake inatozwa kwa dola, vitabu vyake vimeandikwa kwa ajili ya kampuni za nchi nyingine, na hakuna ukurasa unaomweleza mtahiniwa namna floti ya wakala inavyokwisha mchana wa mwisho wa mwezi, au kwa nini mwenye duka Tunduma anamwachia kijana wake namba ya siri ya simu ya biashara anapovuka kwenda Nakonde. Kosa hilo la namba ya siri linafundishwa darasani kama ujinga wa mtumiaji. Kwa mwenye duka ni uamuzi wenye hesabu: akifunga, anapoteza kamisheni ya siku nzima. Kinga itakayofaa ni ile itakayompa msaidizi wake namba yake mwenyewe yenye ukomo wake, na wazo la kubuni kinga hiyo linatoka kwa mtu aliyeuona mtaa.

Swali la mamlaka ni zito kuliko la elimu, na hapo ndipo njia mbaya ya kazi inapowaumiza wenye cheo wenyewe. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilipoibiwa taarifa za kadi za mamilioni ya wateja mwishoni mwa 2013, ilikuwa haina mkuu wa usalama wa taarifa kabisa. Ikamwajiri wa kwanza mwaka uliofuata, baada ya mkurugenzi mkuu kuondoka. Fundisho ambalo dunia ilichukua ni kwamba kiti kiwepo. Kikishakuwepo, kikageuka kiti cha kubebeshea mzigo. Joe Sullivan, mkuu wa usalama wa Uber, alikuwa mwendesha mashtaka wa makosa ya mtandao kabla ya kuingia kwenye kampuni, hivyo sheria hakuifahamu kwa kusikia. Mwaka 2016 wadukuzi walichukua taarifa za abiria na madereva milioni 57. Wakalipwa dola 100,000 na kusainishwa hati ya kunyamaza, huku serikali ikiwa katikati ya kuichunguza kampuni ileile kwa tukio la nyuma. Oktoba 2022 Sullivan alitiwa hatiani, na Mei 2023 akahukumiwa miaka 3 ya uangalizi badala ya kifungo. Hukumu ilikuwa ya haki kwa kadiri ninavyoielewa: kuficha ni kuficha. Linalobaki kuulizwa ni kwa nini mzigo wa uamuzi uliojulikana na wakubwa wengine ulimwangukia mtu mmoja kizimbani.

Swali hilo halitachelewa kufika kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya kuisimamia tarehe 3 Aprili 2024. Taasisi inayokusanya taarifa za watu sasa inapaswa kusajiliwa, kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa, na kuijulisha Tume usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Kampuni inayozitoa au kuziuza kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 5. Faini ya namna hiyo itaifanya kila bodi imtafute wa kulaumiwa. Kama mkuu wa usalama wa taarifa yuko chini ya mkuu wa TEHAMA, ripoti yake inapitia kwa mtu ambaye huenda ndiye anayetajwa ndani yake. Mlinzi aliyekabidhiwa rungu bila kuonyeshwa mlango wa nyuma, kisha akaulizwa mwizi alipitia wapi, hana jibu la kutoa. Ndiyo maana naona ni lazima mkuu huyu awe na haki ya kufika mbele ya bodi bila kupitia kwa mtu, kama alivyo mkaguzi wa ndani, na maneno yake yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Haki hiyo hupewa mtu anayeaminika kwamba anaijua biashara. Fundi asiyewahi kutoka kwenye seva, hata akipewa mlango wa bodi, atazungumza kwa dakika kumi kuhusu mashambulio na kutoka bila uamuzi.

Kuna upande mwingine wa kazi hii unaosahaulika tunapozungumzia wizi tu, nao ni kusimama kwa shughuli. Hapo Mpemba inaelewa kuliko makao makuu yoyote. Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya ilifuta kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Ilibidi wafunge upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, na hasara ikakadiriwa kati ya dola milioni 200 na 300. Nakala iliyowaokoa, ya mfumo unaotambua watumiaji wao wote, ilipatikana Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko wakati shambulio linapita. Julai 2021 Transnet ya Afrika Kusini ilishambuliwa, na bandari ya Durban ikafanya kazi kwa karatasi huku malori yakisubiri. Mizigo ya ukanda wa shaba ina njia chache za kutokea: Durban ni mojawapo, Dar es Salaam kupitia Tunduma ni nyingine. Kompyuta za bandari moja zikizimika, foleni inaota kwenye mpaka mwingine ulio umbali wa maelfu ya kilomita. Foleni ya malori hapa si habari ya takwimu tu. Ni dereva anayelala kwenye kabini ya lori siku kadhaa, fedha za njiani zinazokwisha, mboga na samaki zinazoharibika. Benki Kuu ya Zambia iliposhambuliwa na kundi la Hive mwaka 2022 na kukataa kulipa, iliweza kukataa kwa sababu mifumo yake ya msingi iliendelea kufanya kazi. Ujasiri wa kumkatalia mwizi hutengenezwa miaka kabla, na mtu aliyewahi kufanya kazi ya mkono siku mfumo umegoma: anayejua fomu gani ya karatasi inatumika, nani anaisaini, na kwa saa ngapi biashara inaweza kuvumilia.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya kampuni kubwa, na kwamba SACCOS ya Vwawa au AMCOS ya wakulima wa kahawa Mbozi haiwezi kumlipa mkuu wa usalama wa taarifa. Ni kweli haiwezi peke yake. Lakini wakulima wale malipo yao yanapitia benki na simu, na daftari la wanachama wao, lenye majina, namba za vitambulisho na kiasi cha kahawa, ni mali inayotafutwa na matapeli. Vyama kumi vikichangia mshahara wa mtu mmoja aliyebobea, anayekaa Songwe na kuvizungukia, vitapata ulinzi bora kuliko ule unaouzwa kwa maneno na muuza programu aliyepita mara moja. Kwa maoni yangu, kijana mwenye shahada ya Mbeya atakayefanya kazi hiyo kwa miaka mitano atakuwa amejifunza zaidi ya mwenzake aliyekaa miaka hiyohiyo akitazama skrini za makao makuu. Atakuwa ameona udanganyifu ukianza, akajua unaanzishwa na nani na kwa shida gani.

Upinzani wa mwisho ni wa wanaoridhika. Kipimo cha usalama wa mtandao cha Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, cha mwaka 2024 kiliiweka Tanzania kwenye daraja la kwanza, pamoja na Kenya, Rwanda, Mauritius, Ghana, Misri na Moroko. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ndani ya TCRA, Mamlaka ya Serikali Mtandao na Tume ya TEHAMA. Ni mafanikio ya kujivunia, na walioyajenga wanastahili heshima. Kipimo hicho lakini kinapima ahadi za nchi: sheria, taasisi, mafunzo, ushirikiano. Hakimpimi wakala wa Tunduma anayepigiwa simu na anayejiita mtu wa huduma kwa wateja, wala karani wa mizani anayeombwa kuazima nenosiri la mwenzake kwa sababu zamu imebadilika. Daraja la kwanza linatupa msingi wa kudai zaidi kwa taasisi zetu, maana sasa hazina kisingizio cha sheria.

Pia isidhaniwe kwamba anayetapeliwa ni mzembe wa kuachwa na uzembe wake. Kauli hiyo husikika sana, hata kutoka kwa watu wa usalama, nami naiona kuwa udhaifu mkubwa wa taaluma yetu. Huduma iliyobuniwa ili mama muuza mchele aitumie akiwa amebeba mtoto, kwenye kelele za stendi, inapaswa kumlinda akiwa katika hali hiyohiyo. Ikimlinda tu pale anapokaa kwa utulivu na kusoma masharti, kosa ni la aliyeibuni, na mkuu wa usalama wa taarifa ndiye aliyepaswa kusimama kwenye kikao cha ubunifu na kukataa isitoke hivyo.

Kwa hiyo rai yangu kwa bodi za benki, kampuni za simu, wasafirishaji na mashirika ya umma ni hii. Mtakapotangaza tena nafasi ya mkuu wa usalama wa taarifa, pamoja na shahada, vyeti na miaka ya uzoefu, wekeni sharti kwamba mwombaji awe amefanya kazi kwa angalau mwaka mmoja kwenye tawi, kituo cha mpakani au mtandao wa mawakala, mbali na makao makuu. Na kama hamna mwombaji wa namna hiyo, mteule wenu mpelekeni huko kwanza kabla ya kumkabidhi ofisi. Kisha mumwandikie kwenye mkataba kwamba anaripoti kwenu, na mumpangie siku ya kuripoti.